Mwamba ngoma huvutia kwake: maoni ya mtunga programu mmoja na wingi wa nomino za Kiswahili

0. Utangulizi

Makala hii ilizaliwa na neno moja. Mwanafunzi mmoja alitujia na karatasi iliyochapishwa na kompyuta. Alikuwa akitunga programu ya kuandikisha wanafunzi, akaamua kutumia majina ya Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Programu ilikataa kwenda. Ilimjibu kwamba jedwali liitwalo mwanafunzis halionekani. Yeye alikuwa ameunda jedwali lake kwa mkono wake mwenyewe na kuliita wanafunzi, kama sarufi inavyotaka. Hakuna mahali popote alipoandika mwanafunzis. Akatuuliza: « Mwalimu, neno hili limetoka wapi? »

Swali hilo lilionekana kuwa la mafundi wa kompyuta, lakini baada ya kulichunguza tuliona kwamba ni la wanaisimu pia. Neno mwanafunzis halikutokana na hitilafu ya mashine. Lilitokana na maoni ya mtu juu ya namna nzuri ya kutunga programu, maoni yaliyogeuzwa kuwa kanuni na kufungwa ndani ya chombo ambacho watu wengi duniani wanakitumia. Katika makala hii tunakusudia kueleza maoni hayo, sababu zake na faida zake, kisha kuonyesha yanapogongana na sarufi ya Kiswahili. Mwishoni tutasema ni kazi gani inatuangukia sisi tunaofundisha lugha hii.

1. Kiunzi cha programu ni nini?

Tuanze na jambo lenyewe. Mtu akifungua ukurasa kwenye intaneti na kuomba, kwa mfano, orodha ya vitabu vya maktaba, ombi lake hufika kwenye mashine ya mbali iitwayo seva. Programu iliyomo humo hulipokea ombi, humtambua mwombaji, husoma hifadhidata, hutengeneza ukurasa, kisha huurudisha kwa mwombaji. Programu ya maktaba, ya hospitali, ya duka au ya chuo kikuu hufanya hatua hizo hizo. Kinachobadilika ni yaliyomo.

Watunga programu walichoka kuandika upya hatua zile zile kila mara. Wakaziandika mara moja, wakaziacha tayari, na kila mwenye kazi mpya huongeza sehemu yake tu. Mkusanyiko wa hatua hizo zilizo tayari ndio tunaouita hapa kiunzi. Tumelichagua neno hili kwa sababu kiunzi, katika ufundi wa kujenga, ni ile mifupa inayotangulia kusimamishwa kabla ya kuta na paa. Anayejenga juu ya kiunzi cha mwingine hupata haraka na uimara. Lakini milango yake haiwezi kuwa mipana kuliko kiunzi kinavyoruhusu.

Viunzi vingi vya kutungia programu za mtandao vinafuata mgawanyo wa sehemu tatu: sehemu inayotunza habari, sehemu inayozionyesha, na sehemu inayopokea maombi na kuyaelekeza. Mgawanyo huo ulibuniwa na Trygve Reenskaug, mtaalamu wa Norway, mwaka 1979 alipokuwa kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Marekani. Wakati huo ukurasa wa mtandao kama tunavyoujua ulikuwa bado haujazaliwa. Wazo hilo lilidumu kwa sababu linamwezesha mtu kubadilisha sura ya programu pasipo kugusa habari zilizomo.

2. Mtunga programu na maoni yake

Kiunzi alichokitumia mwanafunzi wetu kinaitwa Ruby on Rails. Mtungaji wake ni David Heinemeier Hansson, mzaliwa wa Copenhagen, Denmark, mwaka 1979. Alikuwa akifanya kazi na kampuni ndogo ya Chicago iitwayo 37signals, iliyotaka programu ya kuwasaidia watu kusimamia kazi zao za pamoja. Programu hiyo, Basecamp, ilitolewa Februari 2004. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Hansson alizitenga sehemu zake ambazo zingeweza kumfaa mtu mwingine yeyote, akazitoa bure kwa umma. Toleo la kwanza kamili lilifuata Desemba 2005. Lugha aliyoitumia, Ruby, ilibuniwa na Yukihiro Matsumoto wa Japani na kutolewa mwaka 1995.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kiunzi hiki hakikubuniwa kwanza kisha kikatafutiwa kazi. Kilichotangulia ni kazi, na kiunzi kikatolewa humo. Kwa hiyo kila desturi iliyomo ni jibu la swali lililowahi kuulizwa na watu wachache, katika ofisi fulani, kwa haja fulani. Hansson mwenyewe hakulificha hilo. Mwaka 2012 alikifananisha kiunzi chake na mlo wa Kijapani ambao mpishi ndiye anayechagua vyakula, na mlaji akaridhika na chaguo lake. Januari 2016 aliandika misingi tisa ya kiunzi hicho, na wa kwanza kabisa unahusu furaha ya mtunga programu. Wahandisi wengi wangetanguliza wepesi wa mashine au usalama wa habari. Yeye alitanguliza furaha ya mwandishi. Unaweza kumpinga, lakini huwezi kusema hukujua anachokiamini.

Maoni yake mengine yalizua mabishano makubwa zaidi. Kwa miaka mingi walimu wa ufundi huu walifundisha kwamba mtunga programu aandike kwanza jaribio linaloonyesha kazi inayotakiwa, kisha ndipo aandike programu yenyewe mpaka jaribio lipite. Mtetezi mashuhuri wa njia hiyo ni Kent Beck wa Marekani. Aprili 2014 Hansson alitangaza kwamba kwake njia hiyo imekufa. Hakukataa majaribio, alikataa kuyatanguliza kila mara. Alisema kwamba mtu akilazimisha kila kipande kijaribiwe peke yake, huishia kuvuruga umbo la programu nzima kwa ajili ya jaribio. Mwezi wa Mei na Juni mwaka huo, yeye, Beck na Martin Fowler wa Uingereza walijadiliana hadharani mara kadhaa. Mjadala ulionyesha kwamba kila mmoja alisema kutokana na aina ya kazi aliyoizoea.

Mwaka 2016 alitetea programu kubwa iliyo nzima, wakati makampuni mengi yalikuwa yakizikata programu zao kuwa vipande vingi vidogo vinavyozungumza kwa mtandao. Hoja yake ilikuwa kwamba kukatakata kunafaa penye mamia ya watunga programu wasioweza kukaa meza moja; kampuni ya makumi ya watu hujitafutia mateso bure. Oktoba 2022 alitangaza kwamba kampuni yake inaacha kukodi seva za makampuni makubwa ili irudie mashine zake yenyewe, na mwaka 2023 uhamisho wa programu zake ulikamilika. Sababu kuu ilikuwa gharama.

Tumeyataja haya kwa ufupi ili msomaji aone mfano mmoja unaojirudia. Kila oni lina nguvu mahali lilipozaliwa. Kumiliki seva ni akiba kwa anayepata umeme usiku na mchana. Kwa anayekatiwa umeme mara kwa mara, hesabu ni nyingine. Programu nzima isiyokatwa yawafaa watu wachache, na kwa hilo chuo kikuu cha kwetu kinafanana zaidi na kampuni ndogo ya Chicago kuliko na makampuni makubwa. Mwenye busara hakubali oni zima wala hakatai zima. Huuliza kwanza limezaliwa katika hali gani. Na miongoni mwa mambo yanayounda hali ya mtu, mojawapo ni lugha yake ya kazi. Hapo ndipo neno mwanafunzis linapotungojea.

3. Desturi kabla ya maelekezo

Msingi wa pili kati ya ile tisa ndio ulioeneza jina la kiunzi hiki. Tunaweza kuutaja kwa Kiswahili hivi: desturi kabla ya maelekezo. Kabla ya mwaka 2004, viunzi vilivyotumika sana, hasa vile vya lugha ya Java, vilimtaka mtunga programu aandike mafaili marefu ya maelekezo. Ilimbidi aeleze kwamba kitu hiki kinatunzwa katika jedwali lile, kwamba safu hii ya jedwali inalingana na sifa ile, kwamba anwani hii inaelekea kwenye faili lile. Maelekezo hayo yalikuwa yale yale katika kila programu, na kosa moja la herufi liliweza kumpotezea mtu siku nzima.

Hansson aliona kwamba mambo hayo hayana sababu ya kuamuliwa upya kila siku. Akaweka desturi. Ukiwa na kitu kiitwacho Book, yaani kitabu kwa Kiingereza, kiunzi hudhani pasipo kuambiwa kwamba habari zake zimo katika jedwali liitwalo books, kwamba maelezo yake yamo katika faili liitwalo book, na kwamba orodha yake itaonekana kwenye anwani inayoishia na books. Jina moja likitajwa, mengine yote hufuata. Anayetaka kuiacha desturi anaruhusiwa, ila yeye ndiye atakayeandika maelekezo.

Mwanaisimu hawezi kusoma maelezo haya pasipo kutabasamu, kwa kuwa anaiona sarufi. Anayesema Kiswahili hasemi kila mara kwamba kitabu kiko katika ngeli ya ki-vi, kwamba wingi wake ni vitabu, kwamba kitenzi chake kitachukua ki- au vi-. Hutaja nomino tu, na mengine yote hufuata: kitabu changu kimoja kimepotea, vitabu vyangu viwili vimepotea. Desturi ikishakubaliwa na wote, wasemaji hupata nafasi ya kufikiria wanachotaka kusema. Hansson aliwapa watunga programu faida ambayo lugha huwapa wasemaji wake.

4. Sarufi ya Kiingereza ndani ya kiunzi

Ili book igeuke kuwa books, lazima kiunzi kijue wingi wa nomino. Kwa hiyo ndani yake mna sehemu ndogo ya sarufi. Kanuni ya jumla huongeza s mwishoni mwa neno. Zipo kanuni za pekee kwa maneno yenye miisho fulani. Ipo orodha ya maneno yasiyofuata kanuni, kama vile person, ambalo wingi wake ni people, na child, ambalo wingi wake ni children. Tena ipo orodha fupi ya maneno yasiyobadilika, kama sheep na fish.

Sasa msomaji anaweza kulifuata neno letu. Kiunzi kilipewa jina Mwanafunzi. Kikalitafuta katika orodha ya maneno ya pekee, hakikulikuta. Kikalitazama mwisho wake, hakikuona kanuni ya pekee inayolihusu. Kikarudi kwenye kanuni ya jumla, kikaongeza s. Mtu akawa mtus, chuo kikawa chuos, na darasa likawa darasas. Kondoo na samaki, ambao kwa Kiswahili kama kwa Kiingereza hawabadiliki, wakawa kondoos na samakis, kwa kuwa ile orodha ya maneno yasiyobadilika inayajua majina yao ya Kiingereza tu.

Mahali pengine matokeo ni ya ajabu zaidi. Kiingereza kilirithi kutoka Kilatini maneno kadhaa yenye wingi unaoishia na -a na umoja unaoishia na -um, kama data na media. Kwa ajili hiyo kiunzi huchukulia kwamba neno linaloishia na -ta au -ia limekwisha kuwa katika wingi. Ukikipa neno njia, kitakuambia kwamba wingi wake ni njia, nawe utafurahi kuona kwamba kimejua ngeli ya i-zi. Furaha hiyo haidumu. Ukikiuliza umoja wake, kitajibu njium. Familia itakuwa familium. Maneno yetu yamevikwa joho la Kirumi pasipo mtu yeyote kukusudia.

Wahenga walisema: mwamba ngoma huvutia kwake. Hansson ni Mdenmark, wala Kiingereza si lugha ya mama yake. Hata hivyo aliiwamba ngoma kwa ngozi aliyokuwa nayo kazini. Hatusemi kwamba alidharau lugha nyingine. Kila desturi inahitaji lugha fulani ya kuisimamia, na mwenye kuiweka huweka ile inayosemwa kazini kwake.

5. Lugha nayo huwavika wageni

Kabla ya kulalamika, tukumbuke kwamba Kiswahili nacho hufanya vivyo hivyo. Neno kitabu lilitoka Kiarabu, na katika Kiarabu sehemu ki- si kiambishi. Ni sehemu ya neno lenyewe, na wingi wake ni kutub. Kiswahili hakikuuliza. Kilisikia ki-, kikadhani ni kiambishi cha ngeli, kikatoa vitabu. Watu wa Tanzania walipoyachukua maneno mawili ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye mzunguko wa barabara, yakimwambia dereva apite kushoto, walipata kipilefti. Na mizunguko miwili ikawa vipilefti. Kilichompata mwanafunzi kwenye kompyuta ndicho kilichompata kitabu kwenye pwani: kila sarufi humvika mgeni nguo za nyumba yake.

Tofauti iko mahali pengine. Vitabu iliamuliwa na wasemaji wote, kizazi baada ya kizazi, na hakuna mmoja anayeweza kuifuta. Mwanafunzis imeamuliwa na kanuni zilizoandikwa katika faili, na faili laweza kuandikwa upya leo hii. Kiunzi chenyewe kinampa kila mtu nafasi ya kuongeza kanuni zake, na tangu toleo la 4 la mwaka 2013 kanuni za wingi zinaweza kutunzwa kwa kila lugha peke yake. Kwa nini basi tusikifundishe Kiswahili?

Tulijaribu kuziandika kanuni hizo pamoja na yule mwanafunzi, na jaribio hilo lilitufundisha mengi. Kanuni ya kwanza ilikuwa rahisi: ki- mwanzoni iwe vi-. Kiti, viti, kikao, vikao. Ya pili: ch- mbele ya irabu iwe vy-. Chuo, vyuo, chama, vyama. Lakini chupa ikawa vyupa, ilhali chupa ni ya ngeli ya i-zi na haibadiliki. Tulipofika kwenye m-, njia ilifungwa. Mtu ni watu, lakini mti ni miti. Mkulima ni wakulima, lakini mkoba ni mikoba. Mwalimu ni walimu, lakini mwezi ni miezi. Hakuna kanuni ya herufi inayoweza kutenganisha mtu na mti. Kinachowatenganisha ni kwamba mmoja anapumua na kutembea. Kiambishi cha Kiswahili kimebeba maana, na mashine inayohesabu herufi haiioni maana hiyo.

Hata orodha ya maneno haitoshi kila mara. Ua la bustani, wingi wake ni maua; ua wa nyumba, wingi wake ni nyua. Herufi ni zile zile mbili, ngeli ni mbalimbali. Tena maneno ya ngeli ya i-zi, ambayo ni mengi mno, yanakitatiza kiunzi kwa namna nyingine: kiunzi hutumia umoja kutaja kitu kimoja na wingi kutaja orodha, na viwili hivyo vikifanana hulazimika kuongeza neno la Kiingereza, index, ili kuvitofautisha. Kwa Kiingereza tatizo hilo hutokea mara chache. Kwa Kiswahili lingetokea kwa nyumba, kalamu, meza, barua, safari, na kadhalika.

Na hapo hatujasema lolote juu ya Kiswahili kinachosemwa hapa kwetu Lubumbashi, ambako watoto ni batoto, vitu ni bintu, na kitoto kidogo ni katoto, wingi tutoto. Anayesema kwamba atakifundisha kiunzi wingi wa Kiswahili lazima kwanza ajibu: Kiswahili kipi?

6. Upatanisho wa kisarufi kwenye skrini

Msomaji anaweza kutuuliza: kwa nini mnahangaika na majina ya majedwali, ambayo mtumiaji wa programu hayaoni? Yafaa kusema ukweli: kwa majina ya ndani, hasara si kubwa. Tatizo lililo zito zaidi liko kwenye skrini, mbele ya macho ya mtumiaji.

Tangu toleo la 2.2 la mwaka 2008, kiunzi hiki kina utaratibu wa kutafsiri maneno yote ambayo mtumiaji huyasoma. Mfasiri hupewa orodha ya maneno na sentensi, naye huandika za lugha yake. Wingi wa kuhesabu hauna shida: huandika mwanafunzi kwa mmoja na wanafunzi kwa zaidi ya mmoja. Shida iko kwenye sentensi zenye tundu. Mtumiaji akiacha sehemu ya fomu bila kuijaza, kiunzi huunda onyo kwa kuunganisha vipande viwili: jina la sehemu iliyoachwa, na maneno yanayosema kwamba haiwezi kuwa tupu. Kwa Kiingereza kipande cha pili ni kimoja kwa nomino zote, kwa sababu kitenzi hakijali nomino iliyotangulia ni ya aina gani. Kwa Kiswahili tunahitaji: jina haliwezi kuwa tupu, anwani haiwezi kuwa tupu, kitambulisho hakiwezi kuwa kitupu, umri hauwezi kuwa mtupu. Nafasi ni moja, na sentensi ni nne. Mfasiri aliyepewa nafasi moja atachagua mojawapo, na mahali pengine pote programu itasema Kiswahili kibovu.

Tumewahi kusoma maonyo ya namna hiyo, na baadhi ya watu husema kwamba Kiswahili hakifai kwa kompyuta. Kosa si la lugha wala la mfasiri. Liko katika desturi iliyodhani kwamba sentensi hugawanyika mahali pamoja katika lugha zote.

Dawa ipo, na ni ya kiisimu. Badala ya kuifanya nomino inayobadilika kuwa kiima cha sentensi, tuitaje kwanza na kuitenga kwa nukta mbili, kisha tuseme habari zake kwa nomino isiyobadilika: « Jina: sehemu hii haijajazwa. Anwani: sehemu hii haijajazwa. Kitambulisho: sehemu hii haijajazwa. » Kitenzi sasa kinapatana na sehemu, ambayo iko daima. Hivyo hivyo, badala ya kusema kwamba kitu fulani kimehifadhiwa, tuseme: « Habari zimehifadhiwa: kitabu. » Mfasiri asiyejua sarufi hatafikiria njia hii. Mtunga programu asiyejua Kiswahili hatajua kwamba inahitajika. Anayezijua zote mbili huimaliza kazi kabla jua halijachwa.

7. Tufanye nini?

Mwanafunzi wetu alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuziacha nomino za ndani katika Kiingereza na kuweka Kiswahili kwenye skrini tu. Ni njia rahisi na inafuatwa na wengi; kasoro yake ni kwamba anayejifunza hulazimika kufikiri kwa lugha moja na kusema na watu wake kwa nyingine. Ya pili ni kutumia Kiswahili ndani, na kwa kila kitu kutaja jedwali lake kwa maelekezo. Inawezekana, ila inaondoa faida ile ile iliyokifanya kiunzi kipendwe. Ya tatu ni kukifundisha kiunzi wingi wa maneno anayoyahitaji, neno kwa neno, si kwa kanuni za herufi.

Yeye alichagua ya tatu. Programu yake ilikuwa na nomino kumi na moja tu. Aliorodhesha mwanafunzi na wanafunzi, mwalimu na walimu, kitivo na vitivo, somo na masomo, mtihani na mitihani, na mengineyo, kisha programu ikaenda. Tulimshauri pia aziepuke nomino zisizobadilika kila alipoweza. Kwa hiyo alichagua somo mahali pa kozi. Huu si ushindi wa kujivunia mno. Lakini programu ile sasa inaweza kusomwa, ndani na nje, na karani yeyote anayejua Kiswahili.

Je, tumlaumu Hansson? La. Tunaona kwamba kiunzi chenye maoni wazi ni bora kuliko kile kinachojidai hakina maoni. Desturi iliyotajwa kwa jina yaweza kujadiliwa na kurekebishwa. Ile iliyofichwa humfunga mtu pasipo yeye kujua amefungwa na nini. Tunalomwomba mwanafunzi ni kwamba, akipokea chombo, apokee pamoja nacho habari za mwenye chombo: alikuwa nani, alifanya kazi na watu wangapi, kwa haja gani, kwa lugha gani.

8. Hitimisho

Tumeeleza kwamba kiunzi cha programu ni mkusanyiko wa desturi, kwamba desturi hizo ni maoni ya watu yaliyogeuzwa kanuni, na kwamba ndani ya mojawapo ya viunzi mashuhuri mna sarufi ndogo ya Kiingereza. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili hakiwezi kuingizwa humo kwa kubadilisha herufi za mwanzo, kwa kuwa ngeli zetu hutegemea maana, na kwamba upatanisho wa kisarufi unahitaji sentensi zitungwe kwa njia nyingine.

Linalobaki ni kazi yetu. Watunga programu wanahitaji orodha ya nomino za Kiswahili, kila moja na ngeli yake na wingi wake, iliyoandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuisoma na mtu anaweza kuisahihisha. Wanahitaji mifano ya sentensi za skrini zisizovunja upatanisho. Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa wala fedha nyingi. Inahitaji watu wanaojua kwa nini mtu ni watu na mti ni miti. Tukinyamaza, itafanywa na wasiojua, na wajukuu wetu watasoma njium wakidhani ndiyo sarufi. Ngoma inawambwa sasa, na ngozi yetu bado haijatiwa maji. Idara za Kiswahili na idara za kompyuta zikutane basi, hata kama ni kwa nomino kumi na moja za kuanzia.